Tabia ya kiongozi wa nchi wakati wa janga: tunaipima kwa kipi?

Mdadisi
Wakuu, naomba mwongozo. Nchi ikiingia vitani au ikipatwa na maradhi, wengine humsifu kiongozi kwa hotuba zinazotia moyo, wengine humlaani kwa sababu watu wamekufa. Naona vyote viwili havitoshi. Mwananchi asiye na siri za serikali atumie njia gani, hata kwa kiongozi anayempenda?

Kalamu Nzito
Mkuu, anza na tarehe. Gawa karatasi safu tatu: siku, alichokuwa anakijua siku hiyo, alichofanya. Safu ya katikati ndiyo ngumu na ndiyo wengi huiruka. Ukiiruka utamhukumu kwa matokeo ambayo yeye hakuweza kuyaona, na bahati itaonekana hekima.

Mchukue Kennedy, rais wa Marekani. Aprili 1961 uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, Kuba, uliopangwa na serikali yake ya Marekani, ulishindwa, naye akabeba lawama hadharani. Kubeba lawama ni mwanzo tu. Tazama alibadilisha nini. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Kuba, aliunda kamati ya washauri, na mara nyingine hakukaa nao ili wabishane bila kumtazama usoni. Akachagua kuizingira Kuba kwa meli badala ya kuishambulia kwa ndege. Tarehe 27 ndege ya upelelezi ya Marekani ikatunguliwa, rubani akafa. Majenerali walitaka kupiga, yeye akazuia. Siku hiyo inakwambia mengi kuliko hotuba zake zote.

Kura za maoni za wiki za mwanzo ziache. Bush mdogo, rais wa Marekani, alikubalika kwa asilimia 51 siku chache kabla ya mashambulizi ya kigaidi ya 11 Septemba 2001; mwezi haujaisha akafika 90. Wiki mbili hazimpi mtu tabia mpya. Watu wakiogopa humkusanyikia aliyepo.

Binti Sheria
Ongeza safu ya nne: nani amenufaika. Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ubunge wa Indira Gandhi, waziri mkuu wa India. Tarehe 25 hali ya hatari ikatangazwa India, wapinzani wakakamatwa, magazeti yakadhibitiwa. Tangazo lenyewe lilizungumzia usalama wa taifa, lakini zile siku 13 zinaeleza zaidi. Haki itendeke pia: Januari 1977 aliitisha uchaguzi, akashindwa, akaondoka. Hilo nalo liandikwe.

Kila mamlaka ya dharura iulize: yana tarehe ya mwisho? Nani anaruhusiwa kuyaongeza, bunge au yeye peke yake? Na yeye mwenyewe anayatii masharti aliyowawekea wengine? Boris Johnson, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alitozwa faini na polisi Aprili 2022 kwa mkusanyiko wa Juni 2020, wakati wa masharti ya korona ya serikali yake.

Taratibu
Kalamu, kwa Kennedy umeacha jambo zito. Ili Wasovieti waondoe makombora yao Kuba, alikubali kuondoa ya Marekani yaliyokuwa Uturuki, na wananchi wakafichwa. Je, hiyo si doa?

Kalamu Nzito
Ni doa, na liingie kwenye karatasi. Ila siri zina uzito tofauti. Jiulize: siri hii inamnyima mwananchi nafasi ya kujiokoa? Ile ya Uturuki haikumnyima. Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia cha Wasovieti huko Ukraine, ililipuka 26 Aprili 1986. Gwaride la Mei Mosi likafanyika Kyiv watoto wakiwa barabarani, na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, akazungumza kwenye televisheni 14 Mei, siku ya 18. Mtu aliyejua angefunga madirisha, angemzuia mtoto asitoke. Hapo usikubali upesi utetezi wa "hakuambiwa". Chunguza aliuliza nini, na wanaoleta habari mbaya hutendewaje katika serikali yake.

Mdadisi
Safu ya katikati naijazaje bila nyaraka za siri?

Binti Sheria
Kumbukumbu rasmi za bunge, ripoti za tume za uchunguzi, hukumu za mahakama na gazeti la serikali. Vitabu vya kumbukumbu vya mawaziri visome kwa tahadhari, na pale wawili waliokosana wanapokubaliana juu ya tarehe moja, iandike kwa wino.