Ketamini na msuli wa nzige: dawa inagusa nini?

Dada wa Kadutu, Bukavu
Salamu, ndugu zangu. Nafanya kazi katika chumba cha upasuaji, ambako ketamini ni dawa ya kila siku. Mgonjwa hupoteza fahamu na hasikii maumivu, lakini misuli yake hailegei. Pengine hukaza zaidi, hata daktari akitaka tumbo lilegee inatubidi tuongeze dawa nyingine. Sasa mdogo wangu anayesoma biolojia ananiambia kwamba msuli wa mguu wa nzige uliotengwa na mwili, ukiwekewa ketamini, huacha kuitikia neva yake. Msuli huo hauna ubongo wa kulazwa usingizi. Dawa inagusa nini pale?

Mwalimu wa biolojia, Lubumbashi
Dada, mtazame mjumbe anayetumwa na neva. Kwetu sisi binadamu, neva huuamuru msuli kwa asetilikolini. Kwa wadudu kazi hiyo hufanywa na glutamati, ilhali asetilikolini yao hutumika ndani ya mfumo mkuu wa neva. Ketamini, kwa mgonjwa wako, hulenga hasa vipokezi vya glutamati (sehemu za seli zinazompokea mjumbe huyo) vya aina iitwayo NMDA, vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, ambako hungoja mfereji wa kipokezi ufunguke, kisha huingia na kuuziba kama gunzi mdomoni mwa kibuyu. Misuli ya mgonjwa husalimika kwa kuwa haiamriwi kwa glutamati. Ya nzige inaamriwa kwayo, ndiyo maana inaathirika. Hata hivyo, vipokezi vya msuli wa nzige si vya NMDA, ni jamaa zake tu, kwa hiyo mdogo wako asithubutu kukadiria dozi ya mtu kwa kutazama mguu wa mdudu.

Dada wa Kadutu
Nashukuru, Mwalimu. Lakini tutajuaje kwamba si neva yenyewe iliyonyamaza?

Mwalimu wa biolojia, Lubumbashi
Swali zuri kuliko la kwanza. Acha neva kando, udondoshe glutamati moja kwa moja juu ya msuli. Ukijikunja kama kawaida, basi hitilafu iko upande wa neva. Usipojikunja, ilhali msuli wenyewe ukipitishiwa umeme unajikunja, basi nyuzi zake ni nzima na kilichozuiwa ni kipokezi.

Fundi wa maabara, Goma
Naunga mkono, kwa mfano wa gesi ambayo wengi hawaihesabu kuwa dawa. Wanaofuga nzi wa matunda huwalaza kwa kaboni dioksidi, na imeonekana kwa viluwiluwi wao kwamba neva huendelea kutuma ishara huku msuli umeacha kuisikia glutamati. Mdudu anayeonekana kalala huenda amepooza tu. Kwa hiyo anayetaka kupima mwendo wa nzi baada ya gesi hiyo awaache kwanza wapate nguvu.