Mbio za mchangani Mambrui: nani atambeba majeruhi?

Mwenye mada, Malindi

Jamani, salamu kwenu. Naleta swali lililotukalisha barazani wiki nzima na bado hatujapata jawabu. Kuna vijana wa hapa, pamoja na wageni wachache wenye uwezo, wanaotaka kuandaa mbio za pikipiki na magari mepesi ya mchangani. Zianze kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, ziingie bara mpaka upande wa Marafa, kisha zirudi. Mimi sina ugomvi na mbio. Kilichonitia wasiwasi ni jibu nililopewa nilipouliza habari za matibabu: "Watu wa kujitolea wapo, mzee, na ambulansi tutaiomba siku hiyo."

Tutaiomba. Neno hilo ndilo limeniondolea usingizi.

Watu wa kujitolea siwadharau. Kule Mexico, kwenye rasi ya Baja California, mbio za Baja 1000 zimekimbizwa tangu mwaka 1967. Njia yake ni mamia ya kilomita za vumbi, mawe na miiba, ikipita vijijini, na hospitali za maana ziko mijini, mbali. Ndipo ikajengeka desturi: madaktari, manesi, wazimamoto na mafundi wa redio huchukua likizo, wakajaza gari machela na dripu, wakaenda kukaa porini mchana na usiku wakisikiliza redio. Mwingine hutia mafuta kwa pesa zake. Hao wana heshima yao.

Lakini kuna jambo ambalo moyo mwema hauliwezi. Tarehe 14 Agosti 2010, kwenye jangwa la Mojave huko California, kulikuwa na mbio zilizoitwa California 200. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Gari moja likaruka kwenye tuta, likatua vibaya, likabingiria juu ya watazamaji. Watu 8 wakafa. Hakukuwa na uzio, na watu walikuwa wamesimama karibu na njia kiasi cha kurushiwa vumbi usoni. Ardhi ile ni ya serikali na kibali kilikuwa kimetolewa. Sasa hapo daktari wa kujitolea, hata awe bingwa, angefanya nini ambacho kamba na mtu mmoja mkali wa kurudisha watu nyuma asingefanya mapema zaidi?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: aletaye mbio alete na ambulansi yake na daktari wake wa kulipwa. Wa kujitolea waje juu ya hapo, wasije kuziba pengo. Nirekebisheni.

Kijana wa kutembeza watalii, Mambrui

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila hapo umetufungia mlango kabla hatujabisha.

Tazama Rhino Charge yetu hapahapa Kenya. Ilianza mwaka 1989, watu na magari yao wakitafutana na vituo 13 porini kwa muda wa saa 10, na anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, mwendo kasi hauhesabiwi. Pesa zilizochangwa zikaenda kwa faru na msitu. Ule uzio wa umeme wa msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na mbio hizo zilichangia pakubwa. Kazi nyingi pale inafanywa na watu wasiolipwa hata senti. Mbona yao ikaitwa uhisani na yetu iitwe hatari?

Halafu niseme la ukweli. Pikipiki za magurudumu manne ziko kwenye vilima hivi tayari, kila mwisho wa juma. Hakuna redio, hakuna machela, wengine hata kofia hawavai. Kijana akipinduka leo jioni atabebwa na tuktuk. Hapo mbona barazani hamkukaa wiki nzima? Mimi naona heri siku moja yenye kamba, redio na watu kumi waliofundishwa. Na mwezi wa sita, kusi ikivuma, hoteli tupu, sisi tunakula nini?

Nesi, Malindi

Nimekaa zamu za usiku miaka mingi, niachieni nami niseme. Kituo sitakitaja.

Siku moja palikuwa na sherehe kubwa ya michezo, si mbio hizi. Ambulansi ikaombwa, ikakubaliwa, ikaenda kuegeshwa chini ya mwembe toka asubuhi. Dereva kashinda anakunywa soda. Siku hiyohiyo mama mjamzito kaletwa kutoka bara kwenye kiti cha nyuma cha Probox, miguu iko dirishani, anatoka damu. Alipona, alhamdulillahi, mtoto hakupona. Hakuna aliyeandika popote kwamba sherehe ile ilimgharimu mtu, kwa sababu uwanjani hakuna aliyeumia hata kidole.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo waandaaji hawaifanyi.

Sasa kuhusu watu wa kujitolea. Kijana wangu, unasema watu kumi waliofundishwa. Wamefundishwa nini? Mkifanya mbio Februari au Machi, jua la kaskazi likiwa kali, mtu ndani ya kofia na koti la kujikinga joto la mwili litapita nyuzi 40 kabla hamjajua. Ataanza kuropoka, mtadhani kalewa. Huyo hakimbizwi hospitali kwanza. Anawekwa kivulini, anavuliwa, anamwagiwa maji mengi na kupepewa hapohapo, ndipo safari ifuate. Aliyeanguka kwa kasi, ukiona anavuta pumzi vizuri, usimvue kofia kwa pupa. Wanatakiwa watu wawili, mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike. Nimepokea vijana waliovunjika kwenye ajali, lakini ganzi ya miguu wameipata kwenye kubebwa. Anayewabeba ni mtu mwema kabisa, nia yake safi, kamshika kwapa na mwenzake kamshika miguu, mgongo unaning'inia kama chandarua.

Na huko bara kuna kifutu. Mtu kakwama na gari, kashuka kusukuma vichakani, kaumwa. Dawa ya sumu ya nyoka ni ghali, na haikai kila zahanati. Watamu wapo Bio-Ken, wale wa kituo cha nyoka, ambao wamesaidia wagonjwa wa nyoka miaka mingi, lakini kutoka Marafa mpaka Watamu mna saa ngapi?

Mtaniambia Katiba, kifungu cha 43, hakuna mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sawa. Katiba haikuandika gozi za kufungia vidonda zitatoka wapi. Zitatoka kwenye kabati la wadi ileile anayolazwa mama yenu.

Nahodha, Amu

Mimi natia neno kutoka huku kisiwani Lamu. Kwanza tuelewane: mbio hizo zisiletwe kwenye vilima vya Shela. Mchanga ule ndio birika letu, maji ya visima vya Amu yanachujwa humo. Msiniambie ni siku moja tu.

La pili. Sisi tuna mbio za jahazi na mbio za punda tangu zamani. Jahazi likipinduka, aliye karibu hugeuza tanga. Hakuna anayeuliza kama yeye ni wa kujitolea au wa kulipwa. Baharini huyo ni mwenzio tu, na kesho ni zamu yako. Na ninyi watu wa magari mnayo sheria hiyo, msijifanye hamuijui. Kwenye Dakar, zile mbio ndefu za magari za jangwani, dereva akimkuta mwenzake kaumia anatakiwa asimame, na muda alioutumia kumsaidia anarudishiwa. Mwokozi wa kwanza ni mshindani wa nyuma, kabla ya helikopta. Andikeni hilo kwenye kanuni zenu, halina gharama yoyote.

Punda wetu akimwangusha mtu, anaanguka kimo cha punda. Hilo nalo lina faida yake.

Mwalimu, Gongoni

Nahodha kataja Dakar, nami namalizia upande wa pili. Mbio hizo zilipokuwa zinapita Afrika Magharibi, mwaka 2006, watoto wawili waligongwa wakafa, mmoja Guinea na mwingine Senegal. Walikuwa watoto wa vijijini waliotoka kuangalia magari. Nina darasa zima la watoto wa namna hiyo. Wakisikia injini, hata kengele hawaisikii. Kwenye mpango wenu wa uokoaji, mmeandika mtu wa kujitolea wa kusimama mlangoni mwa shule?

Dereva wa bodaboda, Marafa

Nyote mnasema mgonjwa atapelekwa. Anayempeleka ni mimi.

Huku kwetu karibu na Nyari, ile mnayowaonyesha wageni mkaiita Jikoni kwa Shetani, ajali ikitokea hatupigi simu kwanza. Tunamkalisha katikati, mmoja anaendesha, mmoja anamkumbatia kwa nyuma asidondoke. Dada nesi kanichoma moyo na ile habari ya shingo, kwa sababu nimewabeba hivyo wengi. Hakuna aliyewahi kutufundisha. Hata leo sijui nani kati yao niliyemmaliza.

Sasa mimi naunga mkono mbio, lakini si kwa sababu ya kijana wa Mambrui. Naunga mkono iwapo hao watu kumi wa kujitolea hawatatoka mjini na fulana zao na kurudi mjini jioni. Tufundisheni sisi wa kituo cha bodaboda. Mbio ni siku moja, bodaboda zinaanguka mwaka mzima. Na wale wahudumu wa afya ya jamii, wanaolipwa elfu tano kwa mwezi, na yenyewe huchelewa, waingizwe pia. Wanazijua nyumba zote.

Kuhusu posho sijasikia mtu akisema wazi. Mwenye pikipiki ya mchangani ya bei kuliko nyumba yangu anataka nimwokoe bure, kwa moyo. Moyo ninao. Siku hiyo watoto wangu wale nini? Na mimi nikigongwa nikimburura mwenye mbio kutoka njiani, bima ni ya nani?

Kijana wa kutembeza watalii, Mambrui

Kaka, la bima nakubali, tulilisahau. Si kwa ubaya. Tuliwaza ya madereva tu.

Mwenye mada, Malindi

Nimesoma yote, na nitasema nilipobadilika na niliposimama.

Kijana wa Mambrui amenibana kwenye lile la kila mwisho wa juma. Ni kweli, hizo pikipiki tunaziona na tunanyamaza, kisha mtu akitaka kuweka kamba ndipo tunakuja na maswali. Hapo nimekosa. Na nilipanga watu wa kujitolea kama mapambo juu ya daktari wa kulipwa. Dereva wa Marafa kanionyesha kwamba wao ndio watakaobaki mbio zikiisha.

Ila kwenye ambulansi sirudi nyuma hata hatua. Ile gari ya wananchi isiguswe, si kwa kuombwa wala kwa kukodiwa. Kama pesa ya kuleta gari jingine kutoka Mombasa haipo, basi mbio hazijawa tayari, zingoje mwaka mwingine. Nitalisema hivyo mbele ya chifu, na la bima ya waokoaji, na la njia kukaa mbali na shule. Sharti la nahodha la mshindani kusimama nalipenda kuliko yote, ingawa naona atakayelalamika ni yule anayeongoza.

Bado nina shaka na mafunzo. Siku mbili za huduma ya kwanza halafu cheti, mtu hushika mgonjwa kwa ujasiri kuliko ujuzi. Dada nesi, hilo unaliweza wewe?

Nesi, Malindi

Jumamosi mbili kwa mwezi naweza, nikipata mwenzangu. Lakini waje na kofia zao na pikipiki zao tufanyie palepale kwenye mchanga. Darasani kila mtu hujua. Na warudi baada ya miezi sita, maana husahaulika.

Dereva wa bodaboda, Marafa

Tutakuja. Swali langu la mwisho ni dogo. Ile machela mtakayoinunua, mbio zikiisha inakaa kwa nani? Kwa sababu ikifungiwa ofisini na ufunguo uko Malindi, tutarudi kumkalisha mtu katikati.

Mwenye mada, Malindi

Ikae kwa mwenye duka pale njia panda. Hufunga saa nne usiku, na hulala mlemle dukani.