Mjadala: Polisi waliostaafu walee makuruta na kupigania mabadiliko, au wakae pembeni?

Mtoa mada:
Wakuu habari zenu, hili tulijadili bila matusi tafadhali.

Siku hizi wazo linazunguka kila kona, askari akistaafu asiachwe akae tu na pensheni yake, arudi kulea makuruta na asimame hadharani kudai sheria zibadilike. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaosema hawa hawa ndio walioharibu jeshi sasa wanarudi kufundisha nini. Msimamo wangu mimi, kwenye kudai mabadiliko waachwe waongee mpaka wachoke, ila kwenye kulea kuruta asiguse mtu kabla faili lake halijasomwa na watu ambao sio washkaji zake.

Kwanini waongee? Kwa sababu aliyeko kazini hawezi, akifungua mdomo kesho ana barua ya uhamisho. Mstaafu utamhamishia wapi? Angalieni India, Prakash Singh aliwahi kuwa mkuu wa polisi jimbo la Uttar Pradesh, alipostaafu akaenda Mahakama ya Juu mwaka 1996 kudai wanasiasa waache kulichezea jeshi, kesi ikavutwa miaka 10, Septemba 2006 mahakama ikashusha maagizo 7, kwamba mkuu wa polisi wa jimbo akae kwenye kiti angalau miaka 2, upelelezi utenganishwe na kazi ya kutuliza fujo, kiwepo chombo cha malalamiko ya wananchi na mengine. Majimbo mengi yamesuasua kutekeleza sawa, lakini niambieni ofisa gani aliyeko kazini angeishtaki serikali inayomlipa.

Gwanda Kuukuu:
Mkuu kwenye kulea makuruta unawaogopa wazee bure. Kuna mambo chuoni unayasikia mara moja tu darasani basi. Mfano kwenda kuiambia familia kwamba mtu wao amefariki. Mzee aliyeifanya atakwambia usipige simu, nenda mwenyewe na muwe wawili, hakikisha ni nyumba yenyewe na unaongea na ndugu mwenyewe, omba muingie ndani mkae, halafu useme "amefariki". Sio "amepata matatizo" wala "hatunaye", maana ukizungusha wao wanabaki wanakuuliza yuko hospitali gani. Na usiondoke mpaka kuna mtu wa kubaki nao. Kuruta wa miaka 22 hayo atayatoa wapi kama hakuna aliyekaa naye chini?

Sina Upande:
Gwanda hiyo nakupa, imeniingia. Ila mnasahau mlezi anarithisha na ubovu pia. Minneapolis kule Marekani Mei 2020, polisi Derek Chauvin aliyemkandamiza raia George Floyd shingoni kwa goti mpaka akafa alikuwa na miaka 19 kazini na alikuwa mkufunzi wa askari wapya, mmoja wa vijana waliokuwa naye pale alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe. Kijana mwingine mgeni kazini aliuliza mara mbili wamgeuze Floyd alale ubavu, mkubwa akakataa, ikaishia hapo. Askari wote wanne waliokuwepo wakafungwa. Sasa huyo alikuwa bado kazini ana wakubwa juu yake, je mstaafu ambaye hana wa kumuwajibisha? Kile kitu cha "sahau ulichosoma chuoni njoo nikuoneshe kazi" ndio sumu yenyewe.

Mpita Njia:
Mimi wanaonichefua ni wale wa Marekani wa chama cha Law Enforcement Action Partnership, kilianza 2002, polisi wa zamani wanadai vita ya madawa ya kulevya imeshindwa bangi iruhusiwe. Umekamata watoto wa watu miaka yote hiyo, umepandishwa cheo kwa ajili hiyo hiyo, pensheni imeingia ndio dhamira inaamka? Unafiki mtupu

Mtoa mada:
Mpita Njia nakuelewa hasira ila umewahi kujiuliza wanaosema wakiwa kazini wanaishiaje? Frank Serpico, polisi wa New York, alisema akiwa ndani, rushwa ya wenzake ikaandikwa magazetini 1970, Februari 1971 akapigwa risasi ya uso kwenye msako, na akalalamika kwamba wenzake aliokuwa nao hawakuita msaada. Mwaka uliofuata akastaafu na hajanyamaza mpaka uzeeni. Unataka kila askari awe Serpico? Mtu akija amechelewa msikilize, halafu muulize alikamata wangapi, na ajibu mbele za watu. Mimi hapo ndio namuamini zaidi.

Sina Upande hoja yako ndio naiongelea nikisema faili lisomwe. Malalamiko ya wananchi, kesi alizoharibu, kila kitu. Na niongeze hili, mlezi asiwe na kalamu ya kumpa kuruta alama. Kijana akijua mzee huyu ndiye anaandika ripoti yake hawezi kumwambia "jana bosi wangu alinilazimisha nibadilishe maelezo ya mtuhumiwa", atasema kila kitu kiko poa afande.

Gwanda Kuukuu:
Kwenye kalamu tuko pamoja. Kwenye faili hapana, malalamiko mengine ni ya kutungwa, ukichimba sana utabaki na wale waliokaa ofisini maisha yao yote wakipiga mihuri, hao ndio watamfundisha nini mtoto wa doria?

Sina Upande:
Lalamiko moja la kutungwa sawa. Kumi na tano nayo yametungwa?