Ati mwisho wa hadithi nikaulize kwa muuza njugu!!!

BintiMakupa:
Jamani, ndiyo naingia nyumbani kutoka mjini, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule mzee wa vitabu vya mtumba mnamjua, hakuna asiyemjua Mombasa hii, mwenye turubai la buluu na redio isiyozimwa. Leo kaniambia ati mwisho wa hadithi nikaulize kwa muuza njugu. MUUZA NJUGU.

Jumamosi nilinunua kwake Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla, ile ya mpelelezi Bwana Msa iliyotoka 1960. Shilingi 250, hakunipunguzia hata ndururu. "Hii huipati popote, mwanangu." Nikalipa. Mimi si msomaji wa kutajwa, nasoma kwenye feri na usiku stima ikikubali, lakini kitabu nikikishika nimekishika. Hiki kilinuka kabati la bibi. Pini zimeota kutu mpaka zimechora mistari ya kahawia kwenye karatasi. Mdudu katoboa tundu dogo kama la sindano, kaanzia jaladani kateremka nalo wima, kila ukurasa kala herufi moja. Nikasoma hivyo hivyo, nakisia herufi. Mdudu nilimsamehe, ana njaa.

Siku nne sina raha, huyu namshuku, yule namtoa. Jana usiku nyumba nzima imelala, nafunua ukurasa nijue, nakutana na jalada. Hakuna kitu! Kurasa za mwisho zimechanwa, vimebaki vijipande vya karatasi kwenye mshono kama meno ya mtoto.

Leo nimerudi kwake. Sikutukana. Nimemwamkia shikamoo. Nimemwonyesha, hata hakukishika. Kanyoosha kidole ng'ambo ya barabara kwa kijana wa njugu: "Mwisho kamwulize yule, labda hajamaliza kuuuza." Steji nzima ikaangua kicheko. Makanga aliacha kuita abiria ili acheke vizuri!

Na nilikwenda. Wallahi nilikwenda. Yule kijana kanikunjulia koni zake za karatasi moja moja, hesabu za darasa la sita, gazeti, risiti za simiti. Kanionea huruma akanipa njugu za shilingi 10. Mzee wa umri wa babangu ananielekeza kwa muuza njugu! Kitabu cha mapishi kikichanwa nitavumilia, nitapika ninachokiona. Hadithi ya upelelezi uzima wake wote uko kwenye zile kurasa!

Kobe_wa_Likoni:
Dada, hukufunua nyuma kabla ya kulipa? Hata dafu watu hulitikisa kwanza.

BintiMakupa:
Nani anasoma ukurasa wa mwisho wa hadithi ya upelelezi kabla ya kununua? Nani?

Mswahili_Nusu:
Mimi nimeisoma hiyo shuleni. Nikwambie ni nani?

BintiMakupa:
USITHUBUTU.

FundiJalada:
Msimwonee mzee. Kitabu hukunjwa vifungu vifungu, mara nyingi kurasa 16 kwa kifungu, ndipo kikashonwa au kubanwa kwa pini. Hewa yetu hii ya chumvi ikila pini, kifungu kizima kinachopoka chenyewe. Hebu hesabu zilizokosekana, zikiwa 16 jua ni kutu.

BintiMakupa:
Vijipande vimebaki kwenye mshono, ami. Kutu haina vidole. Na kama ni kutu, muuza njugu kaingiaje?

Kaskazi77:
Afadhali wewe ulikosa mwisho. Mimi kwa huyo huyo nilinunua Siku Njema. Mwanafunzi wa mwaka gani sijui kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: taharuki, taharuki, kinaya, ATAMPATA BABAKE. Kongowea, mhusika mwenyewe, hajafika Kitale, mimi nishajua yote. 350!

Mswahili_Nusu:
Na sisi sasa tushajua. Asante sana.

MamaSwafaa:
Na mihuri je? Changu kina muhuri wa maktaba ya shule na karatasi ya tarehe, mtu wa mwisho kukiazima ni 1983. Sasa mimi nimenunua au nimeficha mali ya wizi?

Kobe_wa_Likoni:
Rudisha, mama. Faini ya tangu 1983 utauza nyumba.

Mzee_Kibokoni:
Nyinyi vijana hamjui. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 karatasi imekuwa mali. Mwezi jana nimefungiwa bhajia kwa barua ya mapenzi. Mwandiko mzuri wa kulala, wino wa buluu. Nimeisoma yote na mafuta yake. Inaishia "na kama kweli hukunitaka, basi kwa nini siku ile kule Mama Ngina uli", hapo pamechanika.

Kaskazi77:
Uli nini??

Mzee_Kibokoni:
Ndiyo nami nauliza.

MamaSwafaa:
Ulinishika mkono. Lazima.

FundiJalada:
Ulininunulia mihogo. Pale ufukweni Mama Ngina watu hawaendi kwa mengine.

BintiMakupa:
Jamani turudi kwa huyu mzee. Kaniambia MUUZA NJUGU. Mbele ya watu.

Kobe_wa_Likoni:
"Ulinikimbia." Kama alimtaka asingeandikiwa barua.

Kaskazi77:
Ami, ulirudi pale kwa mwenye bhajia kutafuta kipande kingine?

Mzee_Kibokoni:
Siku tatu mfululizo nimenunua bhajia. Nimepata nusu ya bili ya maji na mtihani wa jiografia. Kesho naenda mapema kabla hajaanza kufungia.

MamaSwafaa:
Ni yupi, yule wa karibu na msikiti au yule wa kona? Nakuja na mimi.