Albamu gani ya zamani unaisikiliza mwanzo mpaka mwisho?

MtotoWaSanturi: Wakuu, marehemu baba aliniachia santuri zake, wiki nzima nazisikiliza. Exodus ya Bob Marley (1977) kwangu haina mpinzani. "Natural Mystic" inaanzia mbali, sauti inapanda taratibu kama gari linalokuja usiku. Hapo naacha hata chai ipoe. Thriller ya Michael Jackson (1982) naipenda pia, ila "The Girl Is Mine" naruka kila mara. Ninyi je?

Bi Mkubwa: Mwanangu, tafuta What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Nyimbo zinashikana, moja inaingia ndani ya nyingine. Ukiruka umeivunja.

BesiNzito: Kind of Blue ya Miles Davis, mkuu. Sikiliza besi ya Paul Chambers inavyouliza kwenye "So What", na wenzake wanavyoitikia.

MtotoWaSanturi: Shikamoo Bi Mkubwa, hiyo ninayo, imekwaruzika upande wa pili lakini nampenda Marvin hivyo hivyo. BesiNzito, Kind of Blue niliiona ya wazee nilipokuwa kijana. Jana usiku umeme ulikuwa umerudi, watoto wamelala, nikaiweka. Nimeirudia mara tatu.