Mjadala: Bei ya vitambaa imepaa, sisi tunaoshona kwa mapenzi tu tuhesabiwe wapi?

Mleta mada (Ilazo, Dom)

Habari za jioni wadau. Niseme mapema mimi sio fundi, nina kazi yangu ya kuajiriwa, ila nikirudi jioni nakaa kwenye cherehani nashona mablanketi ya viraka, yani vipande vya kitenge na kanga unavikata miraba unaviunga, katikati unalaza faiba (ile nyuzi laini ya kujazia mito), chini shuka, halafu unapiga mishono vyote vitatu vishikane. Siuzi. Nagawia wifi zangu na watoto wa dada, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita unavyopiga usiku hawajawahi kukataa.

Sasa blanketi la sita kwa sita linakula kama mita kumi juu na chini. Mita ya pamba niliyokuwa nachukua 5,000 nimeambiwa 8,000, piga hesabu, elfu themanini bila uzi bila faiba, na blanketi la manyoya la dukani 35,000 unaondoka nalo. Mume wangu kaniuliza hivi unashona au unajichangisha.

Kilichoniumiza zaidi ni mabaki. Fundi wangu alikuwa ananijazia kiroba bure nampa soda yamekwisha, juzi nimekuta kaweka mzani, anauza kwa kilo, wanaotengeneza heleni na mito wamemzoea. Swali langu: ushuru wa vitambaa vya nje ushushwe, au ndio tutaua viwanda?

Muuza vitambaa, Majengo

Ushushwe, tena jana. Watu wanadhani sisi tunapenda kupandisha. Kanga, kitenge na kikoi kutoka nje ya Afrika Mashariki miaka mingi vilikuwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ushuru 50%, na mwaka 2022 jumuiya ikaweka kundi jipya la 35% nguo zikiwemo. Juu yake VAT 18%, na hiyo VAT inapigwa kwenye bei iliyokwisha kubeba ushuru, sio bei ya mzigo ulivyotoka kule. Halafu jora nalifuata Kariakoo, limepita mikono mitatu kabla halijaonja vumbi la Dodoma. Mteja anakuja ananiambia mimi mwizi.

Mstaafu

Mimi napinga. Baba yangu alilima pamba Shinyanga na hiyo pamba ndio iliyonisomesha. Tulikuwa na viwanda vya nguo, Urafiki pale Ubungo toka 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Leo pamba yetu nyingi inasafirishwa ghafi, inaenda kwa watu inarudi kitambaa, halafu tunalia bei. Ukishusha ushuru unampa kazi mfumaji wa China. Na msisahau mitumba, 2016 nchi za jumuiya zilikubaliana kuiondoa kidogo kidogo, Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya AGOA, ule mpango wa kuingiza bidhaa kwao bila ushuru, sisi tukarudi nyuma, Rwanda wakakomaa na 2018 nguo zao zikasimamishwa kwenye mpango huo. Tena ushuru wa kitambaa hapa Ugogoni sio jambo la leo, misafara ya zamani ikipita huku ilikuwa inatoa hongo ya vitambaa, marekani na kaniki, ndio ipate maji.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Nakuelewa kabisa, ila hicho kitambaa cha kiwanda chetu, pamba tupu, rangi moja, nikitafute duka gani? Ninachouziwa kama pamba nikifika nyumbani natoa uzi nauchoma kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini, huu unayeyuka unaacha donge jeusi. Mwaka jana nilichanganya bila kujua, nikaunga pamba na poliesta, nikafua mara moja tu, pamba ikarudi poliesta ikabaki vile vile, blanketi zima likakunjamana kama kabichi. Miezi mitatu ya jioni zangu. Kwa hiyo kiwanda kinalindwa sawa, ila mimi kitambaa sikioni na bei ya ulinzi nailipa.

Mpita njia

Kwani umelazimishwa kushona? Hiyo starehe ya wenye nacho, watu wanatafuta unga.

Mama, mtaa wa Kikuyu (Dom)

We kaka una maneno. Mpira unaoangalia kila wikiendi na kifurushi cha king'amuzi nacho umelazimishwa?

Dada, nenda mnada wa mitumba, tafuta mashati ya kiume ya pamba na mashuka yaliyofuliwa sana, hayo hayarudi tena. Viraka asili yake ndio hiyo. Kuna wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walikuwa wanaunga nguo za kazi zilizochoka wapate kujifunika, leo kazi zao zinatundikwa makumbusho na 2006 posta ya Marekani ilizitolea stempu. Na huko huko kwao Joann, duka kubwa la vitambaa, lilifunga matawi yote 2025, kwa hiyo sio sisi tu.

Mleta mada

Mashati nimejaribu mama, mazuri kweli, ila rangi zake ni bluu na kijivu, bluu na kijivu. Nataka wekundu wa kanga.

Fundi, Chang'ombe

Naona mafundi tunasemwa. Ile kilo ya mabaki ndio inanilipia luku, uzi umepanda, sindano imepanda, na mteja akileta kitenge chake anataka bei ya 2019. Ila kama upo Dom kweli tuelewane. Disemba nikianza yunifomu za shule nazidiwa na vifungo na pindo. Njoo Jumamosi mbili unisaidie, kiroba kimoja unachagua mwenyewe, vyekundu vyote vyako.

Mleta mada

Vifungo napiga. Pindo za sketi za malinda sitaki, hizo baki nazo. Nicheki inbox unielekeze.