Miaka mitano: awali ya serikali, chekechea ya kulipia, au asubiri la kwanza?

Mkulima_Kitangari:
Wanajamvi, habari za jioni. Niko Newala, upande wa Kitangari. Mtoto wangu wa pili anafikisha miaka mitano karibuni na nyumbani hatuelewani. Mama yake anataka aende chekechea ya mtu binafsi, wanavaa tai na kuimba Kiingereza. Korosho zikipata bei, ada tutajibana. Mimi naona awali ya shule ya msingi inatosha, hailipiwi ada na iko jirani. Bibi yake, ambaye ndiye anayeshinda naye, anasema akae tu mpaka la kwanza, mbona sisi tulianza hivyo na tunasoma.

Kinachonisumbua ni dada yake. Alipita awali hiyohiyo, sasa yuko la tatu na bado anasoma kwa kudonoadonoa. Waliofundisha naomba mnisaidie: awali inamsaidia kweli mtoto kusoma, au ni pa kushindia tu? Nyumbani tunaongea Kimakonde, Kiswahili anakipata redioni na kwa wenzake.

Chikongola_Finest:
Mkuu, msikilize mama watoto. Dunia ya sasa bila Kiingereza utalima korosho na mwanao naye atalima korosho. Awali ya serikali wamejazana, mwalimu hata majina hawajui.

Bi_Mwalimu_Mstaafu:
Baba wa Kitangari, marahaba, hata kama shikamoo hukuitoa. Nimefundisha la kwanza na la pili huku Nachingwea mpaka nikastaafu, waliopita awali na wasiopita wote wamepita mikononi mwangu. Tofauti yao inaonekana wiki ile ya kwanza, ila wazazi huwa wanaitafuta pasipo. Wao wanauliza mtoto anajua a e i o u? Mimi nilikuwa namwambia, haya, nitajie kitu kinachoanza kama "kuku". Mmoja atasema korosho, kapu, kisu. Mwingine atasema yai. Huyu wa yai si mjinga, anamfikiria kuku mwenyewe. Sauti ya neno bado haijamwingia sikioni. Wa korosho na kapu nikimpa herufi k, anajua inakwenda wapi.

Maandishi ya Kiswahili hayana ujanja mwingi. Irabu tano, kila moja na sauti yake popote utakapoikuta. Mtoto akishasikia kwamba neno linakatika vipande, silabi hazimsumbui sana, atabaki kupambana na ng', nyw na mbw. Sikio hilo ndilo awali nzuri inalolijenga, kwa nyimbo, vitendawili, hadithi, na kupiga makofi ko-ro-sho.

Chikongola, mwanangu, kuhusu tai nisikilize. Niliwahi kuletewa mtoto kutoka chekechea ya kulipia, mama akaniapia kwamba anasoma. Nikamwandikia ba be bi bo bu, akatiririka nao, kidole kinafuata. Nikafunika mstari kwa daftari, nikamwachia "bu" peke yake. Kimya. Mara nikasikia ananong'ona, ba, be, bi, bo… mpaka akaifikia. Wimbo alikuwa nao, herufi hana. Ada ilikuwa imelipwa yote.

Na hilo la kusubiri la kwanza lisahau, baba. Sera ya Elimu ya 2014 imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima.

Msomi_wa_Mikindani:
Niongezee kidogo, maana watu wanadhani awali ni chanjo, ukichoma umemaliza. Marekani, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan, kuanzia 1962 walichukua watoto 123 wa familia maskini. Wengine wakapelekwa programu ya awali iitwayo Perry, wengine hawakupelekwa, wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Waliopelekwa walimaliza sekondari kwa wingi kuliko wenzao. Lakini huko mwalimu alikuwa na watoto wachache sana, na kila wiki alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto saa moja na nusu. Ndugu zangu, hapa mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu na sote tunajua darasa lilivyo.

Sasa itazame Head Start, programu ya awali ya serikali yao kwa watoto wa familia maskini, iliyoanza 1965. Ripoti ya 2010 ilionyesha watoto walitoka wametangulia, ila walipomaliza la kwanza karibu faida yote ilikuwa imeyeyuka. Kwa hiyo huyo binti wa la tatu inawezekana awali ilimpa kitu, la kwanza na la pili zikashindwa kukiendeleza. Usiihukumu awali peke yake.

Mama_Ruangwa:
Mimi nauliza la shambani. Muhula wa mwisho ndio korosho zinadondoka, nusu ya kijiji kinahamia vibandani na watoto wanabebwa. Baba wa Kitangari, binti yako alimaliza kweli huo mwaka wa awali?

Mkulima_Kitangari:
Mama Ruangwa umenishika. Miezi ya korosho tulikuwa naye shamba. Bi Mwalimu, shikamoo sasa. Na hiki Kimakonde chetu hakitamharibu huyu mdogo?

Bi_Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba baba. Kimakonde hakimharibu hata kidogo. Anayejua kusimulia kwa lugha ya bibi yake anajua tayari hadithi inavyokwenda. Atakachokosa ni maneno, atakusomea "mfinyanzi" vizuri kabisa asijue ni nani. Huku Lindi EQUIP-Tanzania, mradi wa elimu uliofadhiliwa na Uingereza, waliwahi kuleta mpango wa utayari wa kuanza shule, mwanzoni wiki 12 tu, wasaidizi wakitoka kijijini humohumo. Walisimulia hadithi na kucheza ili wasiokijua Kiswahili wakizoee kabla ya la kwanza. Bibi atege vitendawili kwa Kimakonde, wewe jioni tega kwa Kiswahili.

Awali mpeleke, lakini kwanza nenda ukachungulie dirishani asubuhi. Ukikuta watoto wanaongea na mwalimu anawajibu, mwache hapo. Ukikuta wananakili ubao kimya, kaa na mwalimu mkuu mzungumze, na wazazi wenzio muwepo. Msimu wa korosho mdogo abaki na bibi kijijini.

Huyo wa la tatu usimpe kitabu kizima. Kata boksi, andika silabi moja kila kipande, changanya, muunde majina ya watu wa nyumbani, kisha salfa, gunia, mizani. Akikwama usimtajie neno zima, mwonyeshe kipande cha kwanza umsubiri. Na hiyo "bu" mfunikie leo hii, utanijibu hapa.